Maji Hufuata Mkondo, Lakini Mkondo Upi? Kielelezo cha Kihisabati cha Mtiririko katika Mabomba Yaliyopinda

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwazungumzia watu wanaoandama desturi waliyoikuta. Makala haya yanaichukua kwa maana yake ya wazi, yaani maana ya maji yenyewe, na kuuliza swali ambalo wanahisabati walilishughulikia kwa miaka mingi: maji yanapopita katika bomba lililopinda, hufuata mkondo upi? Jibu, kama tutakavyoona, ni kwamba hufuata mikondo miwili kwa wakati mmoja. Upo mkondo mkuu unaokwenda mbele kwa kufuata bomba, na upo mkondo wa pili unaokatiza bomba kutoka upande mmoja hadi mwingine, ambao jicho haliuoni kwa urahisi. Mkondo huo wa pili ndio kiini cha maelezo yetu.

Huenda msomaji akajiuliza mabomba yana uhusiano gani na jarida la Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo, ingalipo dhana, hata miongoni mwetu tunaokisomea, kwamba Kiswahili kinafaa ushairi, riwaya na hotuba, lakini kikifika kwenye mlango wa hisabati hakina budi kubaki nje. Dhana hii haikanushwi kwa kupigiwa kelele. Hukanushwa kwa kazi: kuichukua mada ngumu, kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kumwachia msomaji aamue kama ameelewa. Hiyo ndiyo azma ya makala haya. Hatuhitaji msomaji awe amesoma hisabati ya chuo kikuu. Tunachomwomba ni kufuata hoja hatua kwa hatua.

2. Maana ya Kielelezo cha Kihisabati

Kielelezo cha kihisabati ni maelezo ya kitu au tukio kwa kutumia idadi na uhusiano wa idadi hizo. Ramani ni mfano mwema wa kulinganishia. Ramani ya Nairobi haionyeshi kila mti wala kila mtu. Ingefanya hivyo isingekuwa ramani tena, ingekuwa Nairobi ya pili. Ubora wake unatokana na yale iliyoyaacha. Vivyo hivyo, anayeunda kielelezo cha mtiririko huanza kwa kuamua ni mambo gani yaingie na ni yapi yaachwe. Akiacha mengi mno, kielelezo husema uongo. Akiacha machache mno, hesabu hazitatuliki.

Kabla ya kuendelea, yafaa tufafanue istilahi chache. Giligili ni jina la jumla la kitu chochote kinachotiririka, kiwe kiowevu kama maji au gesi kama hewa. Kani ni kile kinachosukuma au kuvuta kitu na kuubadilisha mwendo wake. Kanieneo ni kani inayogawanywa kwa eneo linalosukumwa. Mnato ni ule ukinzani wa ndani ambao tabaka moja la giligili huwa nao dhidi ya tabaka jirani linalopita kwa kasi tofauti. Asali ina mnato mkubwa kuliko maji. Inesha ni tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake, kwa kasi ile ile na kwa mstari ulionyooka, hadi pale kani fulani itakapokigeuza. 

Kanuni za jumla za mwendo wa giligili ziliandikwa na Claude-Louis Navier wa Ufaransa mwaka 1822, na kupewa msingi imara zaidi na George Gabriel Stokes mwaka 1845. Kwa maneno ya kawaida, milinganyo yao inasema hivi: chukua tone dogo la giligili, jinsi mwendo wake unavyobadilika hutegemea tofauti ya kanieneo baina ya pande zake, mvuto wa mnato kutoka kwa majirani zake, na kani nyingine za nje kama vile uzito. Maneno ni machache, lakini milinganyo yenyewe ni migumu kupindukia, kwa sababu mwendo wa kila tone hutegemea mwendo wa matone yote yanayolizunguka. Mwaka 2000, Taasisi ya Hisabati ya Clay iliiorodhesha milinganyo hiyo miongoni mwa maswali 7 makuu ya hisabati, kila moja likiwa na zawadi ya dola milioni 1. Kwa hiyo, anayetaka jibu kuhusu bomba fulani hana budi kurahisisha mambo kwa busara.

3. Bomba Lililonyooka

Urahisishaji wa kwanza ulihusu bomba la mviringo lililonyooka. Mjerumani Gotthilf Hagen alitoa matokeo ya vipimo vyake mwaka 1839. Jean Poiseuille, daktari wa Ufaransa aliyetaka kuelewa jinsi damu inavyopita katika mishipa myembamba, alitoa yake katika miaka iliyofuata baada ya kupitisha maji katika vijibomba vya kioo. Wote wawili waligundua kwamba kiasi cha maji kinachopita hulingana na kipeo cha nne cha nusukipenyo. Maana yake ni kwamba ukiongeza upana wa bomba mara 2, bila kubadilisha urefu wake wala tofauti ya kanieneo, maji yanayopita huongezeka mara 16.

Hisabati inaeleza sababu. Maji yanayogusa ukuta wa bomba hayasogei kabisa, yameushika. Tabaka linalofuata husogea kidogo, la tatu zaidi, na hivyo hivyo hadi katikati, ambako kasi ndiyo kubwa kuliko zote. Ukiichora kasi hiyo kutoka ukuta hadi ukuta, unapata umbo la parabola, na kasi ya katikati huwa mara 2 ya kasi ya wastani. Msomaji aliweke moyoni jambo hili moja: maji ya katikati yana haraka, na maji ya kandokando ya ukuta yanajikokota. Tofauti hiyo ndiyo itakayozaa mkondo wa pili pindi bomba litakapopinda.

Sharti moja ni kwamba mtiririko uwe tulivu. Mwaka 1883, Osborne Reynolds, akifanya majaribio mjini Manchester, aliingiza uzi wa rangi katika maji yanayopita ndani ya bomba la kioo. Kasi ilipokuwa ndogo uzi ulinyooka. Ilipozidi kiwango fulani uzi ulivurugika na rangi ikaenea kote. Alionyesha kwamba mpaka baina ya utulivu na msukosuko haulindwi na kasi peke yake, bali na nambari moja: kasi ya wastani mara kipenyo cha bomba, ikigawanywa kwa mnato ambao nao umegawanywa kwa densiti. Nambari hiyo, inayoitwa nambari ya Reynolds, haina kipimo cha mita wala sekunde. Ni uwiano wa inesha na mnato, kana kwamba tunauliza: je, ni haraka ya maji inayotawala au ni mshikamano wake? Katika bomba lililonyooka, msukosuko kwa kawaida huanza nambari hiyo inapozidi kidogo 2000.

4. Kinachotokea Maji Yanapopinda

Sasa tulipinde bomba. Gari linapokata kona kwa kasi, abiria huhisi kama wanasukumwa upande wa nje. Kwa hakika hakuna anayewasukuma nje. Miili yao inataka kuendelea moja kwa moja, na ni ubavu wa gari unaowasukuma ndani ili wafuate kona. Maji nayo ni vivyo hivyo. Ili yapinde, sharti kitu kiyasukume kuelekea ndani ya pindo. Kitu hicho ni kanieneo: upande wa nje wa pindo kanieneo huwa kubwa, upande wa ndani huwa ndogo, na tofauti hiyo huyageuza maji.

Hapa ndipo penye siri. Tofauti hiyo ya kanieneo inakaribia kuwa sawa kwa matabaka yote yaliyo katika sehemu moja ya pindo, lakini mahitaji ya matabaka hayalingani. Maji ya katikati, kwa kuwa yana haraka, yanahitaji msukumo mkubwa ili yapinde. Msukumo uliopo hauyatoshi, kwa hiyo yanaponyoka kuelekea nje. Maji yaliyo karibu na ukuta wa juu na wa chini, kwa kuwa yanajikokota, yanahitaji msukumo mdogo. Uliopo unayazidi, kwa hiyo yanasukumwa ndani. Matokeo yake ni duara mbili za mzunguko, moja juu na nyingine chini, kila moja ikiwa kama taswira ya mwenzake katika kioo. Maji hutoka nje kwa kupitia katikati na kurudi ndani kwa kupitia kandokando ya kuta. Kwa kuwa wakati huo huo yanakwenda mbele, kila tone husafiri kwa mwendo wa kujisokota, mithili ya uzi wa parafujo.

Jambo hili laweza kushuhudiwa bila maabara yoyote. Koroga kikombe cha chai ambayo majani yake hayakuchujwa, kisha uondoe kijiko. Mtu angedhani majani yatatupwa pembeni, kwani kila kitu kinachozunguka huelekea nje. Kinyume chake, majani hukusanyika katikati ya sakafu ya kikombe. Sababu ni ile ile: maji yaliyo karibu na sakafu yamepunguzwa kasi na msuguano, kanieneo inayasukuma kuelekea katikati, nayo yanayaburura majani. Mwaka 1926 Albert Einstein alitumia mfano huu wa majani ya chai kueleza kwa nini mito hujipinda. Nusu karne kabla yake, mwaka 1876, James Thomson alikuwa amekwisha kutoa maelezo kama hayo kuhusu vizingo vya mito katika nyanda tambarare.

Hapa kwetu, mto Tana ukishafika nyanda za chini kuelekea Bahari ya Hindi ni kielelezo hai cha maelezo hayo. Katika kila kizingo, maji ya juu yenye kasi huelekea ukingo wa nje na kuumega, ilhali maji ya chini yanayojikokota hubeba mchanga hadi ukingo wa ndani na kuuacha pale. Ukingo mmoja huliwa, mwingine hukua, na kizingo huzidi kupinda mwaka baada ya mwaka. Hatimaye mto huweza kukata njia ya mkato na kukiacha kizingo cha zamani kikiwa ziwa lenye umbo la upinde.

5. Kielelezo cha Dean

Kujua kwamba mkondo wa pili upo ni jambo moja. Kuukadiria kwa hesabu ni jambo jingine. Katika miaka ya 1910 na 1911, John Eustice alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba hata pindo dogo la bomba huongeza ukinzani, na kwa kutumia nyuzi za rangi akaonyesha maji yakikatiza bomba. Waliosoma matokeo hayo walikabiliwa na swali ambalo halikuwa na jibu la kihisabati.

Aliyelijibu ni Mwingereza William Reginald Dean, katika makala mawili yaliyochapishwa mwaka 1927 na 1928. Tuzitazame hatua zake, kwa sababu zinatufunza namna kielelezo kinavyojengwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuchagua ya kuacha. Dean alichukulia kwamba bomba ni la mviringo kamili. Kwamba pindo lake ni pole, yaani nusukipenyo cha bomba ni kidogo sana kikilinganishwa na nusukipenyo cha pindo. Kwamba mtiririko ni tulivu na haubadiliki kadiri muda unavyopita. Na kwamba maji yamekwisha kusafiri umbali wa kutosha ndani ya pindo hivi kwamba sura ya mtiririko ni ile ile popote utakapolikata bomba.

Hatua ya pili ilikuwa kuibua nambari moja. Katika makala ya 1928 alionyesha kwamba, pindo likiwa pole, athari zote ndogo za umbo zaweza kuachwa isipokuwa moja: ile inayotokana na maji kulazimishwa kupinda. Baada ya kurahisisha hivyo, kasi, kipenyo, mnato, densiti na ukubwa wa pindo haviingii tena kimoja kimoja. Vinaingia vyote kwa pamoja kupitia nambari moja, ambayo leo, kwa kumuenzi, huitwa nambari ya Dean. Kwa namna inavyoandikwa mara nyingi siku hizi, ni nambari ya Reynolds mara kipeuo cha pili cha uwiano wa kipenyo cha bomba na kipenyo cha pindo. Mabomba mawili yasiyofanana hata kidogo, moja la maji na jingine la mafuta, yakiwa na nambari ya Dean iliyo sawa, yatakuwa na sura moja ya mtiririko.

Hatua ya tatu ilikuwa kutafuta jibu kwa kuanzia pale palipojulikana. Dean alianza na parabola ya Poiseuille kama makisio ya kwanza, kisha akaongeza sahihisho dogo linalotokana na pindo, kisha sahihisho la sahihisho, na kuendelea. Mwaka 1927 sahihisho la kwanza lilimpa zile duara mbili za mzunguko, lakini halikuonyesha upungufu wowote wa maji yanayopita, ingawa majaribio yalikuwa yameuonyesha wazi. Mwaka uliofuata aliendelea na masahihisho ya mbele zaidi, na upungufu ukajitokeza: nambari ya Dean inapofika takriban 17, maji yanayopita hupungua kwa takriban asilimia 2. Somo lililopo hapa ni kwamba kielelezo kilipotofautiana na vipimo, Dean hakuvikana vipimo wala hakukitupa kielelezo. Aliongeza kina cha hesabu.

6. Mfano wa Hesabu

Tuchukue mpira wa maji wenye kipenyo cha ndani cha milimita 10, na maji yapite kwa kasi ya wastani ya milimita 100 kwa sekunde. Katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi, mnato wa maji uliogawanywa kwa densiti ni takriban milimita 1 ya mraba kwa sekunde. Nambari ya Reynolds basi ni 100 mara 10, gawanya kwa 1, yaani 1000. Mtiririko ni tulivu.

Sasa tuuzungushe mpira huo kuwa duara zenye kipenyo cha mita 1. Uwiano wa kipenyo cha mpira na kipenyo cha duara ni 1 kwa 100, na kipeuo cha pili cha uwiano huo ni 1 kwa 10. Nambari ya Dean ni 1000 mara 1/10, yaani 100. Kwa kanuni iliyotokana na kazi ya C. M. White ya mwaka 1929, ukinzani wa mpira huo ni takriban mara 1.5 ya ule wa mpira ulionyooka wenye urefu uo huo. Tukiukaza zaidi, duara ziwe na kipenyo cha sentimita 25, nambari ya Dean hupanda hadi 200, na ukinzani hukaribia mara 2. Kwa upande mwingine, nambari hiyo ikishuka chini ya takriban 12, pindo halina athari ya kuhesabika, na kanuni ya Poiseuille yatosha.

Msomaji atambue kwamba kuipata nambari ya Dean kumehitaji kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili tu. Ugumu ulikuwa katika kuijenga njia. Kuipita ni rahisi.

7. Mipaka na Matumizi ya Kielelezo

Mfano huo unadhihirisha pia mpaka wa kazi ya Dean. Masahihisho yake yanafaa pale nambari yake ikiwa ndogo. Ikifika 100, mfululizo wake hauaminiki tena, ndiyo maana tumeegemea kanuni ya White. Kwa nambari kubwa ilibidi kungoja tarakilishi. Mwaka 1968 D. J. McConalogue na R. S. Srivastava walitumia hesabu za kitarakilishi kuitatua milinganyo ya Dean mbali zaidi ya mpaka wake, na kuonyesha jinsi sehemu yenye kasi kubwa kuliko zote inavyohama kutoka katikati ya bomba na kusogea upande wa nje wa pindo.

Aidha, pindo lina maajabu mengine. Mtu angetarajia kwamba bomba lililopinda litayavuruga maji mapema. White pamoja na Geoffrey Ingram Taylor walionyesha mwaka 1929 kwamba mambo ni kinyume: pindo huchelewesha msukosuko. Katika jaribio mojawapo la Taylor, lililotumia bomba la kioo lililosokotwa, mtiririko ulibaki tulivu hata nambari ya Reynolds ilipopita 5000, ilhali katika bomba lililonyooka utulivu huo kwa kawaida ungekwisha kutoweka.

Maarifa haya yana manufaa makubwa. Mitambo mingi ya kupasha au kupoza viowevu hutumia mabomba yaliyosokotwa, kwa sababu mkondo wa pili huyachukua maji ya katikati na kuyapeleka ukutani, na hivyo joto hupita upesi. Gharama yake ni ule ukinzani wa ziada, na mhandisi hana budi kupima faida na hasara.

Muhimu zaidi ni mwili wa binadamu. Mshipa mkuu utokao moyoni hupanda kidogo, kisha hujipinda kama mkwaju wa bakora na kuteremka. Mwaka 1969 Colin Caro na wenzake mjini London walitoa hoja kwamba uchafu wa mafuta unaoziba mishipa huanzia hasa pale ambapo damu huusugua ukuta wa mshipa kwa nguvu ndogo. Ili kujua ni wapi hapo, lazima mtu aelewe mtiririko katika mapindo. Hata hivyo, kielelezo cha Dean hakiwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwenye mshipa. Damu haitiririki kwa kasi isiyobadilika. Inasukumwa kwa mapigo. W. H. Lyne alionyesha mwaka 1971 kwamba giligili inapokwenda na kurudi kwa haraka ndani ya bomba lililopinda, mkondo wa pili ulioko katikati ya bomba huweza kugeuka na kuelekea ndani badala ya nje. Dhana moja ikibadilika, jibu nalo hubadilika. Ndiyo sababu mwanasayansi mwaminifu hutaja dhana zake kabla ya kutaja jibu lake.

8. Suala la Istilahi

Hadi hapa tumetumia Kiswahili kuzungumzia milinganyo, na yafaa tutazame jinsi lugha ilivyotuhudumia. Maneno tuliyoyahitaji yamegawika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni maneno ambayo lugha ilikuwa nayo tangu hapo: mkondo, kizingo, mnato, pindo, msuguano. Haya hayakuhitaji kubuniwa. Yalihitaji kuwekewa mpaka wa maana tu.

Kundi la pili ni maneno ambayo matumizi ya kila siku huyachanganya, na sayansi huyataka yatengane. Katika mazungumzo ya kawaida, neno nguvu hubeba mzigo wa kani, nishati, uwezo na kanieneo kwa pamoja. Mtu akisema kwamba maji ya nje ya pindo yana nguvu zaidi, hatujui kama anamaanisha kasi au kanieneo, na maelezo yote ya sehemu ya nne yangeporomoka, kwa kuwa hoja yenyewe inategemea kuvitenganisha viwili hivyo. Kazi iliyofanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ina thamani kubwa katika suala hili. Neno kanieneo ni mfano bora: limeunganisha kani na eneo, na kwa hiyo limebeba fasili yake mgongoni. Mwanafunzi anayelisikia kwa mara ya kwanza anaweza kukisia kwamba ni kani inayohusishwa na eneo. Nchini Kenya tumezoea kusema shinikizo, hasa tunapozungumzia shinikizo la damu. Neno hilo linaeleweka vyema na wagonjwa na wauguzi, wala hakuna haja ya kulifukuza. Lakini haliambii sikio habari yoyote kuhusu eneo. Anayefundisha fizikia ana sababu nzuri ya kulichagua kanieneo.

Kundi la tatu ni maneno ya kukopa, kama vile parabola na inesha. Haya hayapaswi kutuonea haya. Kiswahili kilikopa hesabu, nukta na sifuri, na leo hakuna anayeyaona kuwa wageni.

Kutokana na mgawanyo huu, tunaona kwamba kinachoikwamisha lugha si uchache wa maneno. Kinachoikwamisha ni kwamba aghalabu anayejua istilahi hajui dhana, na anayeijua dhana hajawahi kutakiwa aieleze kwa Kiswahili. Orodha ya istilahi isiyotumiwa katika maelezo kamili ni kama bomba lisilo na maji: umbo lipo, mtiririko haupo.

9. Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi maji yanavyotiririka katika bomba lililopinda. Tumeona kwamba mkondo wa pili huzaliwa na tofauti ya kasi baina ya maji ya katikati na maji ya kandokando. Kwamba Dean aliweza kuukadiria kwa sababu alijua la kuchukua na la kuacha. Na kwamba kielelezo chake kina mipaka inayojulikana. Maji, basi, hufuata mkondo, lakini katika pindo hufuata pia mkondo ambao bomba halikuwaonyesha waliolijenga.

Tungependa kupendekeza jambo moja lililo ndani ya uwezo wa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu. Katika kila toleo la jarida, mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na mmoja wa sayansi waandike pamoja makala moja ya kueleza dhana moja tu. Wa sayansi ahakikishe kwamba kilichosemwa ni kweli. Wa Kiswahili ahakikishe kwamba kimesemwa. Kila neno watakaloshindwa kulipata waliandike kando na kulipeleka kwa wahadhiri ili lijadiliwe likiwa ndani ya sentensi yake, na wala si likiwa peke yake katika orodha. Baada ya miaka michache chama kitakuwa na hazina ya maelezo yaliyokwisha kujaribiwa na wasomaji, na atakayedai kwamba Kiswahili hakiiwezi hisabati ataelekezwa kwenye ukurasa na kuombwa aonyeshe sentensi asiyoielewa.